Dobi, Karani na Wakubwa Watano

Dobi wetu alizijua nchi za dunia kwa kola. Shati likifika mezani pake, kabla hajalinyunyizia maji, alilipindua shingoni akasoma lebo inasema limeshonwa wapi, kisha akaguna. Miguno yake ilikuwa ya aina mbili. Nchi iliyoshona kwa kutulia, mishono midogo midogo inayofuatana kama siafu, ilipata mguno wa kuridhika, na tangu siku hiyo redio iseme itakavyosema, nchi ile kwa Dobi haikuwa na kosa. Nchi ambayo vifungo vyake hudondoka kabla shati halijafuliwa mara tatu, hiyo alikuwa na mashaka na serikali yake.

Rafiki yake Karani alizijua kwa stempu. Miaka thelathini na minne alikaa nyuma ya dirisha la posta akigonga mihuri, barua za ulimwengu mzima zikipita chini ya mkono wake. Alijua nchi ipi imebadili jina, ipi imebadili mfalme, na ipi gundi yake haishiki. Alipenda kusema kwamba nchi ambayo stempu zake zinabanduka njiani haiwezi kupewa neno kubwa katika mambo ya vita.

Mimi nilikuwa mshona viatu, mlango wa pili kutoka kwa Dobi. Macho yalipochoka niliiacha sindano, lakini benchi la Dobi sikuliacha, maana mtu akiacha kazi na benchi kwa mpigo mmoja hakawii kufa. Nimeiona mifano. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza niliyaona mwenyewe au niliyasikia palepale benchini, isipokuwa kile kipande cha mahafali. Hicho nilisimuliwa na mjukuu wa Karani, na yule binti hajui kutia chumvi.

Chumba chenyewe ni kidogo. Meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, kamba mbili za kutundikia nguo, redio iliyofungwa kwa mpira wa tairi kwa sababu mgongo wake ulivunjika zamani, na pasi ya mkaa, ile nzito yenye kijogoo cha shaba mbele kinachofunga kifuniko. Kwenye pembe ya meza kuna kisahani cha chuma cha kuwekea pasi. Mke wa Dobi, ambaye sote tulimwita Shemeji hata watoto wa jirani, alikuwa akifua uani, na alikuwa ameweka sheria moja tu ya nyumba: mambo ya dunia yasemwe pasi ikiwa kisahanini. Mkono ukishika pasi, mdomo uzungumzie mvua. Ilikuwa sheria nzuri, na kama sheria nyingi nzuri, ilivunjwa kila siku.

Saa tatu asubuhi taarifa ya habari, saa tatu na dakika tano Karani mlangoni na mwavuli wake, jua au mvua. Hapo huanza. Walibishana juu ya vikwazo, juu ya wakimbizi, juu ya nani anamuuzia nani silaha na kesho yake anaenda kutoa pole. Lakini yote hayo yalikuwa mchuzi. Nyama yenyewe ilikuwa kura ya turufu, yaani ile haki waliyo nayo wakubwa watano katika Baraza la Usalama, kwamba mmoja wao akisema hapana, dunia nzima imeambiwa hapana.

Dobi hakuweza kuivumilia. Akauliza ni nyumba gani yenye watu karibu mia mbili, halafu mmoja akikataa kula, sufuria inaondolewa mekoni. Karani akamjibu kwamba afadhali mkubwa akatae akiwa mezani kuliko akatae akiwa uwanjani. Dobi akamkumbusha kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Karani akachukua methali hiyohiyo, akaigeuza kama mtu anayegeuza shati, akasema ndiyo maana yeye anataka tembo wasipigane, na turufu ndiyo kamba ya kuwafungia. Wateja walikuja kuchukua nguo wakajikuta wamekaa. Mmoja aliwahi kusahau kwamba ameacha teksi inamngoja.

Ukiwasikia kwa mara ya kwanza ungedhani wanakaribia kupigana. Lakini Karani alipougua mguu, Dobi ndiye aliyekuwa akimpelekea habari nyumbani kila jioni, pamoja na maoni ambayo Karani angekuwa nayo kama angekuja, ili aweze kuyapinga hapohapo kitandani. Na mkewe Karani alipofariki, Dobi alifunga duka siku saba. Hakuwahi kulifunga hata kwa malaria.

Sasa nifike kwenye shati.

Lilikuwa shati jeupe, la mikono mirefu, lisilo na mfuko. Marehemu mkewe alimnunulia Karani siku aliyostaafu, na tangu mama yule aondoke, mzee alikuwa amelivaa mara mbili tu. Mjukuu wake alikuwa anahitimu uuguzi, na babu ndiye aliyechaguliwa asimame kusema neno kwa niaba ya wazazi. Mahafali yalikuwa kesho. Karani alilileta shati limefungwa katika gazeti, akakaa kulingoja, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Dobi akapindua kola. Lebo ilikuwa ya nchi aliyoiheshimu kuliko zote. Akaguna vizuri kabisa, akaanza kulipiga pasi.

Ndipo redio ikasema kwamba huko mbali, katika vita vilivyokuwa vimewachosha watu wote isipokuwa wanaopigana, azimio la kusimamisha mapigano limezuiwa kwa kura moja.

"Afadhali," akasema Karani.

Nadhani alisema kwa mazoea tu. Lakini Dobi alikuwa na tabia moja: hoja ikimpanda, hana budi kuwahesabu wale wakubwa watano kwa vidole vya mkono wa kulia, mmoja mmoja, na kila kimoja na dhambi yake. Na mkono wa kulia ndio wenye pasi. Akaiachia ili ahesabu. Kwa imani yake aliiweka kisahanini.

Alikuwa kwenye kidole cha tatu Karani alipoinua pua akasema kuna kitu kinaungua.

"Ndiyo," akasema Dobi, "dunia inaungua, na wewe unasema afadhali."

Akaendelea na kidole cha nne.

Shemeji ndiye aliyeingia mbio kutoka uani, mikono ikiwa na povu, akainyanyua pasi. Chini yake, upande wa kushoto wa kifua, palikuwa na alama ya kahawia yenye ncha kama jani. Redio ikaanza kutangaza hali ya hewa.

Karani aliinuka, akalikunja shati mwenyewe, taratibu, kama bendera, akalirudisha ndani ya gazeti. Mlangoni aligeuka.

"Bwana, ungesema tu kwamba hoja zimekuishia."

Akaondoka akauacha mwavuli.

Kesho yake, huyu mjukuu alivyonieleza, nyumbani walimletea babu yake mashati matatu ya kuazima, yote meupe, mawili mapya. Hakuyagusa. Alivaa lilelile, juu yake koti zito la kijivu, akafunga vifungo vyote mpaka chini ya kidevu. Jua lilikuwa kali na mahema hayakutosha. Babu alisimama akasema neno lake akitiririka jasho kama mtu anayeungama, na kila walipomsihi avue koti alijibu kwamba anasikia baridi. Kwenye picha zote amefungwa hivyohivyo, kama barua ya rejista.

Dobi aliposikia habari za lile koti, aliweka kijiko chini. Shemeji aliniambia hakukiokota tena siku hiyo.

Alikwenda kuomba radhi mara mbili. Mara ya kwanza binti wa Karani alitoka akasema baba amelala. Ilikuwa saa tano asubuhi, na mzee yule tangu nimfahamu hajapata kulala mchana. Mara ya pili aliambiwa amesafiri, na akaona mkongojo wa Karani, ule wa tangu alipougua mguu, umesimama palepale ukutani. Dobi akarudi. Neno lililomkaa moyoni si la shati. Ni kwamba mtu aliyebishana naye miaka yote hiyo aliweza kuamini kwamba ameliunguza kusudi, kwa ajili ya ubishi.

Basi ikaingia wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dobi alikuwa anapiga pasi vizuri kuliko wakati wowote. Suruali zilitoka na mikunjo ya kukatia karatasi. Wateja walimsifu, wakalipa, wakaenda zao. Hakuna aliyesahau teksi. Habari ikisomwa, Dobi alitoa maoni yake, na watu wakasema kweli, mzee, umesema kweli tupu. Wengine walidhani wanamfariji. Siku moja aliniegemea akaninong'oneza, kama mtu anayesema ugonjwa wa aibu, kwamba kukubaliwa kila siku kunachosha mgongo kuliko pasi.

Mimi nilijaribu kumpinga. Nilisema wakubwa ni wakubwa. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sababu ni wakubwa. Alinihurumia akarudi kwenye kola zake.

Katika wiki ya nne lilitokea jambo ambalo sikulitegemea. Dada muuza nyanya, mwenye meza ng'ambo ya barabara, alikuja kuchukua sare za wanawe. Akasikia redio ikitaja ile kura, naye akasema, kwa kumfurahisha Dobi, kwamba turufu hiyo ingefutwa tu. Dobi akaweka pasi. Niliangalia: kisahanini. Akasema, "Ngoja kwanza, dada. Karani angekwambia hivi."

Akaanza kumtetea Karani. Mwanzoni alitanguliza "Karani angesema," kisha akaliacha hilo, akawa anasema tu, kwa sauti ileile ya posta, mpaka na kile kikohozi cha Karani cha kusafisha koo. Akatetea kamba ya tembo. Akatetea meza na uwanja. Tatizo ni kwamba dada wa nyanya, ambaye amelelewa na wapunguza bei, alimbana kila kona. Alimuuliza, je, mlinzi akiwa ndiye mwenye kuiba, ashitakiwe kwa nani? Dobi akarudi kwa tembo wake. Akashindwa katika upande ambao alikuwa akiushinda kila siku, na nilimwona anahuzunika kweli, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mwenziwe. Kesho yake wakaendelea, naye akashindwa tena. Sokoni wakaanza kusema hoja za Karani ni dhaifu.

Nikachukua ule mwavuli nikaenda nyumbani kwa Karani. Binti yake alifungua mdomo kuniambia amelala, akaniona na mwavuli, akanionyesha uani.

Sikumwambia kitu juu ya shati. Nilimpa mwavuli, tukazungumza magoti yetu, kila mtu lake. Kisha nikasema, kwa kupita tu, kwamba mwenzake siku hizi anamtetea.

"Ananitetea nini?"

"Turufu."

"Nani? Dobi?" Akanitazama kama ninamcheza shere. "Na anasemaje?"

Nikamweleza. Tembo, kamba, meza. Na kwamba dada wa nyanya amemshinda mara mbili mbele ya watu.

"Na chama cha mataifa kilichotangulia hili Baraza? Kile cha zamani, kilichodhoofika kwa sababu wakubwa wengine hawakuingia na wengine walitoka wakapiga mlango? Hakukitaja?"

Nikasema sijasikia habari za chama chochote.

"Hiyo ndiyo nguzo," akasema Karani, akaanza kutafuta kiatu kwa mguu. "Hiyo ndiyo nguzo ya nyumba nzima, na yeye ameiacha nje. Miaka yote hii namwambia. Alikuwa anasikiliza nini?"

Alitembea upesi kuliko magoti tuliyotoka kuyazungumza. Kwanza aliingia chumbani, akatoka na kile kifurushi cha gazeti kwapani.

Dobi alikuwa katikati ya sketi ya shule tulipoingia. Alimwona, akaiweka pasi kisahanini, akaitazama kama iko, akaitazama tena.

"Hujui kunitetea," akasema Karani.

"Sijui," akasema Dobi. "Mimi najua kukupinga."

Shemeji alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Karani akaweka kifurushi mezani, akakifungua. Shati lilikuwa limefuliwa, na alama yake ipo palepale.

"Lina mikunjo," akasema.

Dobi alinyoosha mkono akazima redio. Hilo sijaliona kabla wala baadaye. Akapiga pasi lile shati kwa nusu saa nzima, kola, mikono, mgongo, na alipofika kifuani alipita juu ya jani lile polepole kama anayepapasa kidonda cha mtoto. Hatukusema hata habari za mvua.

Baadaye Shemeji alijitolea kukata kitambaa kidogo kwenye mkia wa shati, ule unaochomekwa, ashone mfuko juu ya alama. Ingepotea kabisa. Karani akafikiri, akakataa. Tulidhani ni kwa heshima ya marehemu.

Haikuchukua wiki tukajua. Siku hizi Karani huvaa lile shati hata siku za kawaida. Dobi akimbana, hoja ikimfika ukutani na wateja wameanza kucheka, mzee hajibu. Anaweka kidole kifuani, juu ya lile jani, anakiacha hapo. Dobi anakunja vidole vyake kimoja kimoja, anaishika pasi, anaanza kuzungumzia mvua.

Juzi Dobi hakuweza kujizuia. Akauliza kama sasa mwenzake ameuona ubaya wa kura ya turufu.

"Naona uzuri wake tu," akasema Karani, akafungua mwavuli, akaenda zake kwa chakula.