Protoni Zilizotoka Vidoleni Mwangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata sasa, nikiwa mwalimu mstaafu hapa Nkende, siwezi kuisahau. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, binti wa wafugaji wa Tarime, wa kwanza nyumbani kwetu kusomea fizikia. Kazi yangu ilikuwa kuelekeza chembe za alfa, zile zinazorushwa na madini ya mionzi, kwenye bamba jembamba la alumini. Alfa ikiingia ndani ya kiini cha atomi ya alumini, mara chache sana kiini hicho hurusha protoni nje, na chenyewe hugeuka kuwa silikoni. Protoni hizo ndizo nilizokuwa nahesabu.

Zikaja nyingi kuliko nilivyotarajia. Nikaandika ripoti, nikawatangazia wenzangu, na baba akawaalika majirani waje siku nitakayorudi na shahada.

Fundi wa maabara alikuwa mzee Makuru, mtu wa Serengeti, si msemaji sana. Alisoma karatasi zangu akaniuliza, "Hili bamba ulilishika kwa kitu gani?"

"Kwa mikono, mzee."

"Basi lina mafuta ya vidole. Mafuta yana haidrojeni, na kiini cha haidrojeni ni protoni yenyewe. Alfa ikikigonga, kinaruka. Utajuaje kama hukuhesabu vidole vyako?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye ni fundi, anitunzie vifaa tu. Kwetu kumjibu mkubwa hivyo ni aibu, na aibu hiyo ninayo bado. Yeye aliniwekea chupa ya spiriti ya kusafishia mezani, akaenda zake.

Nilikaa naiangalia ile chupa. Mwishowe nikalisafisha bamba, nikaweka na vipande vya alumini safi mbele ya kifaa cha kuhesabia ili protoni dhaifu, zile za mafuta, zikwame humo. Hesabu ikaporomoka. Zilibaki chache mno.

Ripoti ya kwanza ilikuwa imeshapigwa chapa, na hakuna ambaye angenikagua. Niliichana. Nikamfuata mzee, nikampa shikamoo, nikamwomba radhi.

"Marahaba," akasema. "Sasa tunaanza upya, na usichoke."

Tulihesabu wiki baada ya wiki, maana protoni za kweli huja mojamoja. Wenzangu wakahitimu, wakaondoka. Baba akawaambia majirani sherehe haipo, na hilo liliniuma kuliko yote. Nilihitimu mwaka uliofuata, na protoni zangu chache, kila aliyerudia kipimo kile alizikuta.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujawatangazia watu ulichokipata, tafuta kwa bidii mahali ambapo huenda umekosea. Anayekuonyesha kosa msikilize, awe na cheo au asiwe nacho. Na ukishalijua, usilifunike kwa sababu watu wanakusubiri; waache wasubiri, wewe rudia kazi mpaka isimame.

Mungu akupe uvumilivu wa kuanza upya kila itakapobidi, na akuzungushie watu wasioogopa kukuambia ukweli.