Kondoo wa Nanjala

Watu wakisikia polisi hufikiria pingu na rungu. Mimi nimeishi laini ya polisi miaka mingi, mke wa koplo, na ninakwambia kilichowaotesha wanaume wetu ndoto mbaya hakikuwa wezi. Wezi walikuwa wachache, na wengi wao tuliwajua kwa majina. Kituo chetu kilikuwa kidogo, kando ya barabara ya kwenda Shianda: ofisi ya matofali, na nyuma yake vijumba vya duara vya mabati vilivyobanana hata jirani akikohoa wewe unajifunika. Mwaka ule wa sitini na nne, wa kwanza baada ya uhuru, askari wetu waliwapeleka wajawazito hospitali Kakamega kwa landrova, walitafuta watoto waliopotea sokoni, walimwaga chang'aa mtaroni baada ya kuionja kidogo, na mvua ilipovunja daraja walivusha wazee mgongoni. Na walikata kamba.

Nieleze. Kwetu, mtu akijiondoa uhai kwa kamba, hakuna wa ukoo wake anayemgusa. Hata ndugu wa tumbo moja husimama mbali. Anayemshusha ndiye anayebeba balaa ile hadi nyumbani kwake, mpaka wenye msiba wampe kondoo, kondoo achinjwe, na majani yaliyo tumboni mwake yapakwe mikononi na kifuani mwa aliyekata. Asipopakwa, atakayeguswa naye kwa upendo ndiye atakayelipa. Kwa hiyo watu walijitafutia njia rahisi: "Iteni serikali." Na serikali, pale kwetu, ilikuwa Konstebo Protus.

Protus alikuwa mtu wa Likuyani, mrefu, mpole, asiyejua kukataa. Enzi ya mzungu alikuwa ameshakata bila kondoo na bila wasiwasi. Nilimwuliza siku moja kama haogopi. Akacheka.

"Mama Kageha, mimi ni kisu tu. Mwenye kisu ni mzungu. Hiyo laana ikitaka mtu, si ipande meli iende Ulaya?"

Mzungu akaondoka. Akaja Inspekta Masinde, mtu wa pande za Bungoma, suruali imepigwa pasi ya kukata mkate. Kila asubuhi wakipandisha bendera aliwaambia askari: "Sasa serikali ni sisi." Wote walipiga makofi, Protus naye alipiga. Hakujua maneno yale yangemrudia.

Mwezi wa pili walikuja kuita. Safari hii aliyekuwa kwenye kamba ni mume wa Nanjala, mama aliyeuza simsim sokoni. Protus alikwenda, akakata, akamshusha yule bwana taratibu kama anayemlaza mgonjwa. Hakuna aliyelia. Hata kulia kwa kifo cha namna hiyo watu huogopa, na nilimhurumia sana Nanjala, kufiwa halafu ukanyimwa hata kilio.

Jumapili yake mama mzazi wa Protus alifika kutoka Likuyani kumwona mkaza mwanawe. Sellah, mke wa Protus, alikuwa na mimba. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo hii ya tatu sote tulitembea tukiizunguka kwa vidole vya miguu. Bibi aliposikia habari ya kamba hakuingia ndani. Alisimama uani, na mimi nikiwa naanika nguo nikamsikia vizuri.

"Umepakwa?"

"Bado, mama. Lakini ni kazi ya serikali."

"Serikali gani? Ile ya wazungu haikuwa na ukoo, laana iliikosea njia. Hii mnaimbanga kila siku ni yenu. Kama ni yenu, mwanangu, na mikono ni yako."

Niliona uso wa Protus ukibadilika. Tangu siku hiyo hakumgusa Sellah. Alihamia jikoni, akalala kwenye gunia karibu na kuni, akala kwa bakuli lake peke yake, na mkewe akimpita yeye alijibana ukutani kama mtu anayepisha ng'ombe. Sellah alilia usiku kucha na mabati hayafichi kitu. Utaniuliza mbona sikwenda kumfariji. Niliogopa. Niliwakataza hata watoto wangu kupita uani kwao, na kuku wao mmoja alipokufa ghafla, laini nzima ilijifungia ndani. Mume wangu Philemon, koplo mzima, alisema ni kideri tu, ugonjwa wa kuku, huku amesimama nyuma yangu.

Nanjala hakuwa mtu mbaya. Deni la kondoo alilijua, na matanga yalipokwisha alikuja kituoni akimvuta kondoo mweupe kwa kamba ya katani. Inspekta Masinde alikuwa mlangoni.

"Mama, hiyo kondoo ni ya nini?"

"Ni ya yule kijana alinishushia mzee, afande. Ya kumsafisha."

"Askari analipwa mshahara. Akichukua kitu kwa raia, hiyo ni hongo. Nitamfunga yeye na wewe. Uhuru si wa kurudi kwa ushenzi."

"Afande, kijana ataumia."

"Rudisha!"

Protus alikuwa amesimama hapo hapo, bunduki begani. Macho yake yalimfuata yule kondoo mpaka akapotea kwenye mahindi. Nanjala alijaribu tena baada ya wiki, akafukuzwa tena. Nilimchukia Inspekta siku ile, nasema wazi. Alikuwa na haki yake kwa upande wa hongo, maana hongo tuliiona, lakini mtu anaweza kuwa na haki na bado akakuua.

Mvua ndefu zikaja, na Sellah akajifungua msichana. Mzima, ana sauti ya kufukuza kunguru. Tulipiga vigelegele, kisha tukanyamaza tulipomwona baba yake. Protus alisimama nje ya dirisha, mikono ameificha nyuma.

"Mshike mtoto wako," Sellah alimwambia.

"Nimemwona."

"Sijasema umwone. Nimesema umshike!"

Aliondoka akaenda kufagia uwanja wa bendera, uliokuwa umeshafagiliwa.

Siku zikapita, mtoto akakataa ziwa. Mwili ukawa moto, kilio kikawa chembamba. Sellah alimpeleka zahanati, akarudi na dawa kwenye chupa, lakini wanawake wa laini tulitazamana tu. Kila mmoja alijua, na hakuna aliyethubutu kusema. Protus alikuwa akisimama dirishani kila akitoka kazini, akimwuliza mkewe kwa kunong'ona: "Amenyonya?" Hakuwa amemgusa hata mara moja, na bado aliamini ni yeye anayemuua. Hofu kama hiyo sijaiona tena kwa mwanamume, na namwomba Mungu nisiione.

Ni katika siku hizo hizo watu wa ng'ambo ya mto walikuja mbio kituoni, asubuhi, kuita serikali. Mzee wao alikuwa kwenye mti. Inspekta akaita: "Protus!"

Protus alikuja. Akafungua mkanda wake, akauweka mezani.

"Siendi, afande. Nifukuze. Nifunge. Mtoto wangu ni mgonjwa na mimi siendi."

Sote tulikuwa tumeacha kazi tukisikiliza. Inspekta alimtazama, kisha akautazama ule mkanda. Nilidhani atampiga.

"Nitakuonyesha kwamba ni kamba tu," alisema. Akachukua kisu mwenyewe, akamwita Philemon aendeshe gari, wakaondoka.

Walirudi jua limekwisha kupita utosi. Watoto wa Inspekta walisikia gari, wakatoka mbio kama kawaida yao, mdogo mbele, mikono juu: "Baba! Baba!"

"Msinikaribie!"

Alipiga ukelele ule kwa sauti ambayo hatukuijua, nyembamba, ya mtu aliyekanyaga nyoka. Mtoto alianguka kwa mshtuko, akaanza kulia. Inspekta alipiga hatua amwinue, kisha akarudi nyuma, akayashikilia mabega yake mwenyewe. Tulimwona sote. Mtu wa vitabu, mtu wa pasi, amesimama katikati ya uwanja hajui mikono yake aipeleke wapi.

"Mama Kageha," aliniita baada ya muda, "niletee maji. Weka hapo chini. Halafu nenda."

Alinawa mpaka maji yakaisha. Kisha bila kumtazama mtu akasema: "Protus. Yule mama wa simsim. Kondoo wake bado yuko?"

Walikwenda kwa miguu, wawili, mimi na Philemon nyuma yao kwa mbali, maana udaku ni ugonjwa na sikutaka kusimuliwa. Nanjala alikuwa akipepeta simsim. Alimwona Inspekta, akaendelea kupepeta.

"Afande, si ulisema ni hongo?"

"Nilisema."

"Na sasa?"

Inspekta alivua kofia. Nanjala akaweka ungo chini, akamtuma mtu amwite mzee wa ukoo wa kusafisha. Mzee alipofika aliwatazama wote wawili, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Kondoo ni mmoja. Huyu ni wa msiba huu. Wako, afande, atatoka kwa wale wa ng'ambo, na nasikia hawana hata kuku. Itabidi wakatafute."

Mimi nilijua cheo kinavyofanya kazi, nikamtazama Protus nikasema moyoni, maskini, anapokonywa tena. Protus naye alikuwa ameshainamisha kichwa.

"Ni wa huyu," Inspekta alisema. "Yeye ana mtoto mchanga." Akatoka nje ya boma, akasimama peke yake njiani mpaka kazi ikaisha.

Protus alirudi laini anakimbia, shati mkononi, kifua kijani. Sellah alimnusa kabla hajamwona.

"Unanuka," alisema, akamwekea mtoto mikononi. Yule mwanamume alikaa chini palepale mlangoni, akalia kwa sauti, na mtoto akalia pamoja naye. Jioni ile mtoto alinyonya. Sellah anasema ni dawa ya zahanati, Protus anasema ni kondoo, na mimi sikuulizwa.

Inspekta hakuingia nyumbani kwake. Mkewe alimtolea obusuma, ugali wa kwetu, na mboga, akaweka sahani chini uani, akarudi ndani haraka. Watoto walimchungulia dirishani. Alikaa juu ya jiwe, sahani mbele yake, bila kuigusa. Sisi wote tulifunga milango, nami nilifunga.

Kupitia ufa nilimwona Protus akitoka na bakuli lake. Alisimama kwanza, akatazama nyuma kule alikolala mtoto. Kisha akaenda, akaketi chini, mbali kidogo, maana hofu ni hofu. Lakini aliketi. "Karibu chakula, afande," alisema, na Inspekta akavuta sahani yake akaanza kula.