Dorine atafutia saikadi za mzee mahali pa kuishi

Zacheus Wambugu, mwenye duka karibu na Mogogosiek, anaapa kwamba alfajiri moja mwezi huu wa Januari aliona mtoto ameachwa shambani kwa jirani yake Dorine, amefunikwa blanketi hadi kichwani. Akapiga kelele mpaka ng'ombe wakaamka.

"Nilikimbia na patipati mguu mmoja," anasema. "Nafunua, napata majani! Nikamwambia Dorine, mama, sasa miti inalala kwa blanketi na sisi tunatetemeka?"

Dorine Chepkemboi, 34, anacheka akisikia hayo. Lakini blanketi haliondoi kabla jua halijafika.

Chini yake mna saikadi, mti mfupi wenye majani magumu yaliyotandazwa kama ya mnazi. Ilikuwa mitano. Imebaki miwili.

Marehemu baba mkwe wake, mtunza bustani katika shamba kubwa la chai, ndiye aliyeleta vichipukizi vyake vimefungwa kwa gunia. Alipougua, alimwachia Dorine, ambaye huchuna chai asubuhi na kushinda bustanini mchana.

"Nikapanda kando ya kijito," anasema. "Sisi watu wa chai tunapenda pale chini, udongo ni mweusi, maji iko. Nikaona nimeipea kitanda kizuri."

Kumbe sivyo. Anga likiwa wazi, baridi huteremka na kulala bondeni, umande ukaganda. Saikadi hizi huvumilia baridi, ila si mizizi ikiwa imelowa. Mitatu ilioza.

Dorine amezunguka boma lote, akishika udongo, akitazama maji ya mvua yanakoelekea. Panapofaa ni mahali pamoja tu: huko juu, mbele ya mlango wa mama mkwe, penye changarawe na ukuta wa kuzuia upepo.

Hapo ndipo iliposimama mabwaita, matawi yaliyosimikwa pamoja, ambapo wazee waliwabariki maharusi na watoto wa nyumba hii. Siku hizi wanaenda kanisani, na matawi yalishaoza. Hata hivyo jembe hupapita kando. Mama mkwe mwenyewe, Taprandich, aliolewa hapo.

Wajukuu humwita Kogo, yaani nyanya, na Dorine pia humwita hivyo.

"Mzee alikuwa anasalimia hiyo miti kabla anisalimie mimi," Kogo anasema, akichagua maharagwe kwenye ungo. "Nikamwambia aende akaiombe chai!"

Wote wawili wanacheka.

Dorine anatamani miti hiyo izae vichipukizi, kila mjukuu apande chake kwake. Anaketi chini, karibu na miguu ya mama mkwe.

"Kogo, ile miwili haitamaliza mwezi huu kule chini. Nipee ruhusa nichimbe hapa. Mashimo mawili tu. Nikiambiwa hapana, sitauliza tena."

Kogo anatazama nyasi mbele ya mlango, pale alipobarikiwa akiolewa. Mkono wake umetulia ndani ya maharagwe.