Kibao Chini ya Kipimio

Zamani mashamba ya kinamasi pembezoni mwa Guangzhou yalikaushwa kwa miguu. Wazia mfereji wa mbao uliolazwa kwa mteremko, na ndani yake mnyororo wa vibao. Juu watu wawili hukanyaga vigingi vya mhimili, kama wanaopanda ngazi isiyokwisha, na vibao hukokota maji hadi mtoni. Ukiielewa ngazi hiyo, umeielewa mashine yote.

Mimi sikuielewa kwa wakati. Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa maji, miaka ile ya elfu mbili jiji lilipokuwa likimeza mashamba. Mimi na mwenzangu kutoka Mombasa tulitumwa kupima usawa wa kinamasi kimoja kabla hakijafukiwa. Matope yalifika magotini. Katika kibanda kilichobomoka tukakuta vibao vyeusi, kila kimoja na tundu la mraba katikati.

"Mungu katuletea daraja!" mwenzangu akashangilia.

Tukavipanga, tukapita juu yake siku tatu. Nyuma yetu malori yakavifukia kwa mchanga.

Siku ya nne akaja bibi mmoja wa kijijini na baiskeli ya magurudumu matatu. Kesho yake kijiji kilikuwa kinahamishwa. Alitaka kibao kimoja tu cha mashine aliyoikanyaga ujanani na dada yake, marehemu sasa.

"Vilikuwa kibandani," alisema. "Viko wapi?"

Tulichimba mchangani kwa mikono, hatukupata kitu. Kilibaki kimoja, kile tulichokiweka chini ya mguu mmoja wa kipimio, chombo chetu cha kupimia usawa, usididimie. Na kipimio kikisogea, vipimo vyote vya siku hiyo huharibika.

"Tukikitoa, ndugu yangu, kazi ya leo imekufa," mwenzangu akaninong'oneza.

"Ife. Shika huo mguu."

Bibi alikiosha kwa maji ya mfereji, akakipangusa kwa shati lake. Tulipomwomba msamaha alicheka, akashika usukani wa baiskeli na kuanza kukanyaga papo hapo aliposimama, akituonyesha mashine ilivyokanyagwa. Kisha akamwita mwenzangu asimame kando yake.

"Kushoto! Kushoto, we mrefu! Unaniachia maji yote peke yangu!"

Mwenzangu, matope hadi mapajani, akajitahidi kumfuata.

"Dada yangu hakuwa mzito hivyo," bibi akasema, lakini hakuacha kukanyaga.