Mapigo Kumi na Sita

Mwaka jana nilirudi Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, nikaenda kutafuta nyumba ya jirani yetu, yule fundi wa redio aliyenifundisha gitaa. Usicheke, rafiki yangu: nilikuta maji. Ziwa limepanda, limemeza mtaa mzima, na bata walikuwa wakiogelea pale ilipokuwa sebule yake.

Sebule ile ungeijua kwa harufu: risasi iliyoyeyuka ya kuungia redio, na ndagala, yaani dagaa, za bibi yangu zilizokuwa zikikauka upande wa pili wa ukuta. Kila Jumamosi, nikishazigeuza zote juani, bibi aliniachia. "Enda kwa papa yako wa makelele," alisema, "lakini ujue, gita haipikaki bukari," yaani halipiki ugali.

Gitaa lenyewe lilikuwa na nyuzi mbili za kweli. Nyingine zilitoka kwenye breki ya baiskeli, zikanichana vidole. Papa fundi alipenda jazi kuliko chakula. Mimi nilikuwa mtoto wa kwaya, nilijua do-mi-sol, sauti tatu zinazolia pamoja, nikadhani muziki umeishia hapo. Akaongeza kidole kimoja kwenye akordi ileile, ikatoka sauti ya nne, nami nikasikia machozi yananijia bila sababu. "Kanisani munaimba sauti tatu," akasema. "Hii ya nne njo inaliaka." Kweli, ndiyo iliyokuwa inalia.

Kisha akaanza kunifundisha kujibu. Alipiga wimbo mfupi wa mapigo kumi na sita, halafu akabaki anazungusha akordi zake polepole, re, sol, do, mapigo mengine kumi na sita, akisubiri nitunge jibu langu palepale. Nami nikafanya kosa la kikwaya. Nilikwenda nyumbani, nikauandika wimbo wake kwa do-re-mi nyuma ya daftari la katekisimu, nikaukariri wiki nzima, na Jumamosi nikamrudishia wote bila kukosa noti hata moja. Nilitegemea sifa.

"Hii njo yangu, mutoto," alisema. "Ya kwako iko wapi?"

Haikuwepo. Miaka mitatu haikuwepo. Akordi nilizijua zote, lakini zamu yangu ikifika niliogopa kukosea, na vidole vikakimbilia daftari.

Halafu papa fundi akapooza mkono wa kushoto. Mke wake aliniita nikitoka shule. Nilimkuta kitandani, mdomo umepinda, na gitaa limewekwa tayari kwenye kiti. "Unipigie kitu sijasikiaka," akasema. Hakuwahi kuniomba kitu kingine. Kwa mguu wake akagonga ubao wa kitanda ili kunipa mwendo, akasubiri. Nikampigia wimbo wake mwenyewe.

"Hiyo naijua," alisema, akageukia ukutani. Tulimzika wiki hiyohiyo.

Leo nina gitaa zuri, nyuzi zote sita za dukani. Napiga hotelini, na watu husema nina vidole. Ni vyake. Bibi hayupo, ukuta wa ndagala haupo, na daftari lilioza zamani, ila kichwani limegoma kuoza.

Siku ile ya Kalemie, kando ya maji, nilitoa gitaa langu, nikazungusha re, sol, do, nikagonga mguu, nikajipa zamu. Kwenye pigo la tatu vidole vikaanza wimbo wake. Nikazibana nyuzi kwa kiganja, nikayahesabu mapigo yaliyobaki hadi kumi na sita. Hakuna kilichokuja.