Arobaini ya Karani wa Mkoani

Siku ya kumi na sita tangu nijifungue, mume wangu alirudi Chake kutoka Mkoani peke yake, bila mama yangu. "Karani wa bandari kasema bado," akaniambia. "Eti karantini ni siku arobaini." Nikaufungua mkaja niliofungwa tumboni, nikautupa kitandani, nikamchukua mwanangu.

"We! Mzazi hatoki kabla ya arobaini!" mama mkwe akapiga kelele. "Wataka watu wanisemeje?"

"Yangu naivunja, mama. Na ya karani pia."

Mama yangu alitoka Unguja kuja Pemba kunitunza katika uzazi, anikande maji ya moto, anipikie uji wa pilipili manga. Ndani ya stima akaonekana abiria mwenye ndui, na wote wakafungiwa bandani Mkoani. Siku ya pili yake nikazaa. Mtoto wangu wa kwanza, na mama hajamtia machoni. Nilivumilia, maana ndui si mchezo. Lakini arobaini?

Nilifika bandarini kwa lori, kiuno chaniuma kama kimevunjika. Karani hakuinua hata uso.

"Bibi, mimi nimesoma. Karantini asili yake Kilatini, maana yake arobaini. Mzazi arobaini, matanga arobaini, na maradhi arobaini. Huoni zilivyolingana?"

"Nami nimesoma, hadi sekondari. Kweli neno limetoka huko, kupitia Kitaliano. Zamani bandari za Ulaya zilizuia meli siku arobaini kwa kuogopa tauni. Hiyo ni asili ya jina, si amri ya serikali. Desemba nayo kwa Kilatini ni ya kumi. Mbona kalenda hiyo nyuma yako yaiweka ya kumi na mbili?"

Wapagazi mlangoni wakaangua kicheko. "Bwana karani, leo umekwisha!"

Nikamwonyesha tangazo la Bwana Mkubwa wa Wilaya lililo ukutani, alilolibandika kwa mkono wake: aliyechanganyika na mgonjwa wa ndui azuiwe siku kumi na nne. Akakohoa, akasema yeye hafuati tangazo, afuata maana. Nikaomba karatasi na kalamu. Akanipa akitabasamu, akidhani natishia tu.

Niliandika, nikaipeleka barua mwenyewe ofisini kwa Bwana Mkubwa:

"Kwa Bwana Mkubwa wa Wilaya. Mama yangu amezuiwa bandani siku kumi na saba, naye ni mzima. Tangazo lako lasema kumi na nne. Karani wako anamzidishia kwa Kilatini. Naomba afunguliwe leo. Jibu nalingoja hapa mlangoni pako, mimi na mjukuu wake."