Chuma Alichokiosha Mama

Lori lako likivunjika springi pale Mbeya miaka ya sabini, waliokuvuta walikuleta kwangu. Sijisifu; watu ndio waliosema, mimi nilikubali tu. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kufua vyuma kwenye machimbo ya Makongolosi, nikatoka huko nikafungua gereji, na gereji ikazaa lori. Lori nikampa mdogo wangu aliendeshe, maana mali yako humpi mtu baki.

Liliporomoka kwenye mteremko wa Kitonga na shehena ya viazi. Alikufa palepale, peke yake. Hata hatujamzika, Ilula nzima, kijijini kwetu, ilishasema alikuwa amelewa. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, alikunywa, nani kwetu hanywi? Lakini si akiwa kazini. Kwenye mabaki nilikuta mkono wa stelingi, kile chuma kinachopeleka nguvu ya usukani kwenye magurudumu, umekatika. Nusu yake nyingine ilimezwa na korongo. Kama kilikatika kwanza, mdogo wangu hakuwa na kosa. Kama kilikatika kwa kugonga mwamba, basi midomo ya watu ilikuwa na haki. Mama alitaka kujua hilo moja tu. Na kama chuma kilichoka, lori lilikuwa langu, lawama ningeibeba mimi. Mabega ninayo.

Mhandisi mmoja wa barabara, Mzungu, gari lake hakuruhusu liguswe na mikono mingine ila yangu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kwao kuna hadubini isiyotumia mwanga bali elektroni, inayoona uso wa chuma kwa undani ambao jicho halifiki.

"Chuma kikichoka polepole," alisema, "mara nyingi huacha mistari myembamba, mmoja baada ya mwingine. Kikivunjwa kwa pigo moja, huwa vishimo vishimo. Kipande nipe, nitakipeleka."

"Na hiyo mashine ikiharibika, waniite mimi."

"Nitawaambia, fundi," akasema, akacheka.

Nikaenda Ilula kukichukua kwa mama, niliyekuwa nimemwachia akitunze. Akakitoa kwenye kanga, kinang'aa kama kijiko kipya. Kwetu nyumbani vitu vya marehemu huoshwa siku ya kuondoa matanga: nguo, sahani, hata jembe. Mama alikiosha na hicho, kwa majivu na mchanga, na hakuishia siku ile. Kila Jumamosi alikisugua tena, hasa pale kilipokatika, akakipaka mafuta kisipate kutu. Nilimsifu. Nilijua kikiwa kisafi kitaonekana vizuri zaidi.

Picha ya hadubini ilikuja pamoja na chuma chenyewe baada ya miezi mingi. Mhandisi aliiweka juu ya boneti, nikainama. Mistari ilikuwepo. Lakini ilikuwa mipana kama mitaro, imepishana huku na huku.

"Nani alikisugua?" akauliza.

"Mama."

Akavua kofia.

"Pole, fundi. Hii ni mikwaruzo ya mchanga. Ule uso wa mwanzo haupo tena. Hakuna cha kusoma."

Njia nzima ya Ilula nilikuwa natunga maneno. Mimi ni mtu wa maneno, ofisini kwa wakubwa nimeingia na kutoka na nilichokitaka. Mama nilimkuta uani anachagua nyanya za kupeleka barabarani.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Mashine imesemaje?"

"Haikuona, mama."

Aliweka nyanya chini. "Haikuona kwa nini? Kilikuwa kichafu?"

"Hapana. Kilikuwa kisafi."

"Labda sikukisugua vya kutosha. Macho yangu yenyewe haya."

"Ulikisugua vizuri, mama. Hakuna ambaye angekisugua kama wewe."

Akanyoosha mkono, nikampa chuma chake. Akapitisha kidole pale kilipokatika, taratibu, kama anayetafuta kidonda cha mtoto.

"Waombe watazame tena," akasema. "Huenda siku ile walikuwa na kazi nyingi."

Nikamwambia nitawaomba. Tangu hapo kila nilipofika Ilula, hata mzigo sijautua, aliniuliza kama wale watu wamejibu, na kila mara nilisema bado. Nilisema bado mara ya mwisho akiwa kitandani, hawezi tena kula. Akaitikia kwa kichwa. Tulimzika pembeni ya mwanawe, na waliokuja kuzika, wakiwa njiani kurudi, nikawasikia wakimweleza mgeni kwamba yule wa pembeni ndiye dereva aliyekuwa amelewa.